Kupunguza uzito kwa pointi ukijisimamia mwenyewe: hesabu, vipimo na pale mambo yanapoharibika

Mpango wa pointi ni bajeti. Kila chakula kina bei yake, wewe una kiasi cha kutumia kwa siku, na uamuzi wa kukitumia kwenye nini ni wako. Mtindo huu ulienezwa na Weight Watchers, kampuni iliyotokana na mikutano aliyoianzisha Jean Nidetch huko New York mwanzoni mwa miaka ya 1960. Pointi zenyewe zilikuja baadaye sana, mwaka 1997, na tangu hapo kanuni ya kuzihesabu imebadilishwa mara kadhaa. Ya kwanza ilitazama vitu vitatu tu: kalori, mafuta na nyuzinyuzi. Zilizofuata zikaingiza protini, wanga, sukari na aina ya mafuta.

Kwa anayejisimamia, ile ya kwanza inatosha. Namba zake tatu zinapatikana kwenye lebo nyingi za vyakula, na kikokotoo cha simu kinazimaliza kwa nusu dakika. Zile mpya ni nzuri kwa mtu mwenye programu inayomhesabia. Kwa mkono zinachosha, na mtu aliyechoka kuhesabu huanza kukisia.

Jambo moja lisikupite: orodha za pointi zinazozunguka mtandaoni ni za miaka tofauti na kanuni tofauti. Yai lina pointi 2 kwenye orodha moja na sifuri kwenye nyingine, na zote ni sahihi ndani ya mpango wake. Ukichukua bajeti ya mpango mmoja na bei za mwingine, unaweza kuzidisha mamia ya kalori kila siku huku daftari likikuambia umefuata kila kitu.

Nani asianze peke yake

Mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima kula au kula na kujitapisha. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sana sukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dozi iliyokuwa sawa jana inaweza kumwangusha kesho. Anayetumia dawa za shinikizo la damu naye aulize. Uzito ukishuka, dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.

Pia hakikisha una uzito wa kupunguza. Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa mtu mzima, jibu kati ya 18.5 na 25 ni la kawaida. Kama tayari uko karibu na 20, mpango huu si wako.

Vifaa

Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, vijiko vya kupimia vya mililita 15 na 5, mizani ya mwili, utepe wa fundi cherehani na daftari. Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua mizani ya jikoni. Kijiko cha mezani si kipimo: kimoja hubeba mililita 10, kingine 18, na kwa mafuta ya kupikia tofauti hiyo ni karibu pointi mbili.

Hatua ya kwanza: pata bajeti yako

Anza na kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. (Kalori tunayoizungumzia hapa ni ile iliyoandikwa kcal kwenye lebo. Lebo ikitoa kJ peke yake, gawanya kwa 4.2.) Kanuni ya Mifflin-St Jeor, ya mwaka 1990, ni rahisi: kilo zako mara 10, jumlisha sentimita za urefu mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke atoe tena 161; mwanamume aongeze 5.

Zidisha jibu kwa kiwango cha shughuli zako: 1.2 kama kutwa nzima umekaa, 1.375 kama unatembea kiasi au unafanya mazoezi mepesi siku moja hadi tatu kwa wiki, 1.55 kama unatoka jasho la kweli siku tatu hadi tano. Wengi hujipandisha daraja hapa. Ukisita kati ya viwango viwili, chukua cha chini. Kisha toa 500.

Mfano: mwanamke wa miaka 38, kilo 82, sentimita 163. 820 + 1,019 − 190 − 161 = 1,488. Mara 1.375 ni 2,046. Toa 500, zinabaki 1,546.

Gawanya kwa 50: pointi 31. Kanuni ya pointi huongeza kidogo kwa ajili ya mafuta na kupunguza kidogo kwa ajili ya nyuzinyuzi, na kwenye mlo wa kawaida viwili hivyo hukaribia kufutana. Pointi moja au mbili zisipofutana, ziache ziwe kinga dhidi ya makosa ya kupima, maana yatakuwepo.

Toa pointi 2 kwa ajili ya mboga na 3 kwa ajili ya matunda mawili. Sababu iko hatua ya tatu. Zinabaki 26. Kati ya hizo weka 3 kila siku kwenye akiba ya wiki. Sasa mwanamke huyu ana pointi 23 za kila siku na 21 za akiba, atakazozitumia kwenye sherehe, mlo wa nje au siku ya njaa kali.

Kama hesabu ya kalori inakushusha chini ya 1,200 kwa mwanamke au 1,500 kwa mwanamume, ishia hapo kwenye 1,200 au 1,500. Chini ya hapo si kazi ya kufanywa bila mtaalamu. Upungufu wa kalori 500 kwa siku huleta karibu nusu kilo kwa wiki, na kushuka kwa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiko kunakofaa kulenga.

Hatua ya pili: bei ya chakula

Pointi = (kalori ÷ 50) + (gramu za mafuta ÷ 12) − (gramu za nyuzinyuzi ÷ 5)

Nyuzinyuzi zisihesabiwe zaidi ya gramu 4 kwa chakula kimoja, yaani punguzo halizidi 0.8. Bila ukomo huo, baadhi ya vyakula vya makopo na pakiti vilivyoongezewa nyuzinyuzi vingeonekana kama bure. Kadiria jibu kwenye nusu iliyo karibu: 3.8 iwe 4, 1.2 iwe 1.

Chukua biskuti zenye kalori 480, mafuta gramu 20 na nyuzinyuzi gramu 3 kwa kila gramu 100. Umekula gramu 40. Hizo ni kalori 192, mafuta 8, nyuzinyuzi 1.2. Hesabu: 3.84 + 0.67 − 0.24 = 4.27, andika 4.5. Mtego wa lebo uko kwenye safu: nyingine ni ya gramu 100, nyingine ni ya "kipimo kimoja" alichojiamulia mtengenezaji, na kipimo hicho huenda ni biskuti mbili wakati pakiti ina kumi.

Kwa vyakula visivyo na lebo, anza na hivi, ambavyo tumevihesabu kwa kanuni hiyohiyo:

- Wali mweupe uliopikwa, gramu 150: 4
- Maharage yaliyochemshwa, gramu 150: 3
- Yai kubwa la kuchemsha: 2
- Kidari cha kuku bila ngozi, kilichopikwa bila mafuta, gramu 100: 3.5
- Mkate mweupe, kipande cha gramu 30: 1.5
- Maziwa yenye mafuta yote, mililita 250: 4, yaliyotolewa mafuta: 1.5
- Karanga, gramu 30: 4
- Parachichi, gramu 100 za nyama yake: 3.5
- Mafuta ya kupikia, mililita 15: 3.5
- Sukari, vijiko vitatu vya chai vilivyosawazishwa: 1
- Soda ya sukari, mililita 330: 3
- Bia ya kawaida, mililita 330: 3

Kiganja cha karanga kinalingana na sahani ya wali. Hiyo haimaanishi karanga ni mbaya. Inamaanisha zipimwe kabla hazijafika mezani, si kuchotwa kutoka kwenye mfuko.

Angalia pia chakula kikavu na kilichopikwa. Gramu 100 za mchele zina kalori karibu 365. Gramu 100 za wali zina karibu 130, kwa sababu sehemu kubwa ni maji. Pakiti kwa kawaida huandika za chakula kikavu. Ukipima mchele mkavu ukatumia bei ya wali, utakuwa umeandika karibu theluthi tu ya ulichokula. Tambi zina mtego huohuo. Amua utapima wakati gani, kisha usibadilike.

Hatua ya tatu: vya sifuri

Mipango mipya ya pointi ina orodha ndefu za vyakula vya sifuri, pamoja na mayai, kuku na maharage. Kampuni huweza kufanya hivyo kwa sababu imeshaibana bajeti upande mwingine. Wewe hujaibana, basi usiige orodha hiyo.

Sifuri yako iwe mboga zisizo na wanga mwingi: za majani, kabichi, nyanya, vitunguu, matango, biringanya, karoti, pilipili hoho. Hizo ndizo zilizotolewa pointi 2 mapema. Viazi, mahindi, njegere na maharage vinahesabiwa. Matunda mawili mazima kwa siku nayo ni sifuri, kwa zile pointi 3 ulizotoa. La tatu andika 1.5. Juisi si tunda. Machungwa manne yaliyokamuliwa yanamezwa kwa dakika moja bila kushibisha, kwa hiyo juisi inahesabiwa kila mara, hata uliyoikamua mwenyewe.

Na mboga ikishakaangwa si sifuri tena. Mboga yenyewe bado ni bure, mafuta yake siyo.

Hatua ya nne: chungu kizima

Wengi huishia hapa, maana chakula cha nyumbani hakina lebo. Dawa yake ni kuhesabu chungu badala ya sahani.

Pima sufuria tupu na uandike uzito wake mahali pa kudumu, hata kwa ndani ya mlango wa kabati. Unapopika, andika kila kinachoingia isipokuwa maji, viungo na mboga za sifuri. Tuseme mchuzi una kidari cha kuku kibichi gramu 800 (kalori 960, mafuta gramu 21) na mafuta ya kupikia mililita 60 (kalori 480, mafuta gramu 54). Jumla ni kalori 1,440 na mafuta gramu 75: pointi 28.8 + 6.25, yaani 35. Ukiiva, pima sufuria na mchuzi, toa uzito wa sufuria. Mchuzi ukiwa na gramu 1,400, kila gramu 100 ni pointi 2.5.

Sasa tazama hizo 35 zimetoka wapi. Mafuta ya kupikia peke yake yameleta 14. Punguza hadi mililita 30 na chungu kinashuka hadi pointi 28, yaani 2 kwa kila gramu 100, na ni wachache mezani watakaogundua. Hakuna mahali pengine jikoni utakapookoa pointi nyingi hivyo kwa maumivu madogo hivyo. Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Mimina kwenye kijiko, kisha kijiko kwenye sufuria.

Mchuzi wenye mifupa una tatizo lake: mfupa una uzito lakini hauna pointi. Pima sahani kabla ya kula, pima mifupa iliyobaki, toa. Ikikuchosha, pika nyama isiyo na mifupa kwa wiki mbili za kwanza mpaka jicho lizoee.

Hatua ya tano: igawe siku

Kanuni hii ya pointi ina udhaifu: haijali protini. Ukitaka, bajeti yote ya siku unaweza kuimaliza kwenye keki na daftari likaonekana safi. Utashinda na njaa, na sehemu ya uzito utakaopoteza itakuwa misuli. Kwa hiyo ongeza sharti moja la pembeni: karibu gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Anayelenga kilo 65 anahitaji 78 hivi kwa siku.

Siku ya pointi 23 inaweza kwenda hivi. Asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha, kipande kimoja cha mkate, chai yenye mililita 100 za maziwa yaliyotolewa mafuta bila sukari; pointi 6. Mchana: wali gramu 150, maharage gramu 150, mboga zilizopikwa kwa kijiko cha chai cha mafuta, pointi 8. Jioni: ule mchuzi wa mafuta kidogo gramu 200, wali gramu 100, kachumbari, pointi 6.5. Jumla 20.5, na protini ni karibu gramu 65. Zile 2.5 zilizobaki ukizinunulia gramu 70 za kidari cha kuku, protini inapita 80. Ukizinunulia soda, hupati hata gramu moja.

Usiruke kifungua kinywa ili "kuweka pointi za jioni" kama unajijua kuwa jioni ndipo unapoponyokwa. Anayeweza kuruka bila kulipiza, na aruke. Akiba ya wiki hujazwa upya siku ileile kila wiki, na isiyotumika haihamii wiki inayofuata. Isipotumika ni sawa, lakini usiifanye mashindano. Siku za kubana sana huzaa siku za kumwaga.

Hatua ya sita: andika kabla ya kula

Mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi nazo ni mali. Andika kabla, kwa sababu baada ya kula mkono huwa mwepesi wa kusahau. Vinavyosahaulika zaidi ni vinywaji, sukari ya chai, kuonja wakati wa kupika, na mabaki ya sahani za watoto. Vijiko vitano vya kuonja mchuzi na ganda moja la mkate vinaweza kufika pointi 3, yaani mgao mzima wa akiba wa siku hiyo.

Ukila nje, usitafute usahihi ambao haupo. Kadiria, kisha ongeza theluthi moja kwa ajili ya mafuta usiyoyaona. Ukikadiria 9, andika 12.

Mazoezi usiyaandike. Tayari yamo kwenye kile kiwango ulichozidisha mwanzoni, na ukiyaongeza tena utakuwa umeyalipa mara mbili. Kalori zinazoonyeshwa na saa za mkononi nazo mara nyingi huwa za ukarimu mno. Kutembea haraka kwa nusu saa kunamgharimu mtu wa kilo 80 pointi 2 hadi 3 hivi. Kijiko kimoja cha mafuta kinazirudisha zote.

Hatua ya saba: soma mizani ya mwili

Jipime asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula, kila siku au angalau mara tatu kwa wiki. Namba ya siku moja usiijali; linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Chakula chenye chumvi, wanga mwingi baada ya siku za kubana, kukosa choo na siku za hedhi vinaweza kupandisha uzito kilo moja au mbili bila gramu yoyote ya mafuta mapya. Wiki ya kwanza huwa na mshuko mkubwa, lakini sehemu kubwa ni maji. Wiki ya pili au ya tatu kasi hupungua na watu hudhani mpango umekufa. Pima na kiuno mara moja kila wiki mbili. Wakati mwingine utepe husogea mizani ikiwa imegoma.

Kuanzia wiki ya tatu, ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ongeza pointi 3 kwa siku. Kila ukipoteza kilo 5, rudia hesabu ya mwanzo, kwani mwili mdogo hutumia kidogo. Mwanamke wa mfano wetu akifika kilo 77 hupoteza pointi 1.5 za bajeti.

Uzito ukigoma

Wastani usiposogea kwa wiki nne, usikimbilie kubana bajeti. Kwanza fanya ukaguzi wa siku saba: pima kila kitu kwa gramu, hata vile unavyodhani unavijua kwa jicho. Mara nyingi mwizi hukamatwa siku ya pili. Wali wa gramu 150 umekuwa wa 220, kijiko cha mafuta kimekuwa na mlima, au siku mbili za mwisho wa wiki zimekula akiba na kupita bila kuandikwa. Kipime upya pia kiwango cha shughuli ulichojipa, hasa kama ulichagua 1.55.

Ukaguzi ukitoka safi, ndipo upunguze pointi 2 kwa siku, au utembee nusu saa zaidi, kimoja tu kwa wakati, na usubiri wiki tatu. Ukiwa tayari uko kwenye ule ukomo wa chini, chagua kutembea. Uchovu usioisha, kuhisi baridi sana, nywele kukatika au hedhi kupotea ni dalili za kuongeza chakula na kumwona daktari.

Ukishafika

Usiache kuhesabu siku moja na kurudi ulikotoka. Ongeza pointi 2 kwa siku, kaa hapo wiki mbili, ongeza tena 2. Kilo moja inaweza kurudi katika wiki za kwanza kwa sababu ya wanga na maji, iache. Wastani ukikaa palepale wiki nne, hiyo ndiyo bajeti yako ya kudumu. Mwanamke wetu akitulia kwenye kilo 65 bila kubadilisha shughuli zake, atarajie kuishia karibu na pointi 31 kwa siku, mboga na matunda yake mawili yakiwa bado ya sifuri.